Kitenge cha Hatua Tatu

Kanamkemer, Lodwar
8 Septemba 2024

Mama Amou, dada yangu Adhar,

Nimefika na nimeshaanza kazi. Nakuandikia kwa sababu simu yako haisikiki ila kwa spika, na masikio ya Boris yako papo hapo. Kuna maneno ya watu wazima. Barua anakuletea Akuwam, yule mama Mturkana wa samaki wakavu, anayepanda Kakuma na beseni lake kila wiki. Nimempa na samaki watano wako. Wakifika wanne usiulize, naye ana watoto.

Kazi ni kupika katika hosteli ya wanafunzi. Sufuria zao ni kubwa, Boris anaweza kuoga ndani. Nalala stoo pamoja na magunia ya maharagwe, na mwenye hosteli amesema wazi kwamba mtoto hapana. Kwa hiyo ni vile vile tulivyopanga. Krismasi nitakuwa nimepata chumba hapa Kanamkemer na nitakuja kumchukua mwanangu. Mpaka hapo yuko mikononi mwako, mikono iliyomtoa Inès wangu kwenye matope ya mto wa lagga. Sina mwingine wa kumwachia.

Sheria za nyumba yangu unazijua, lakini acha niziandike usije ukasema hukuambiwa. Lagga asiivuke, iwe na maji au iwe kavu. Mto ule umeshanila mtoto mmoja. Mtu mzima akizungumza, yeye anyamaze. Na kubwa kuliko zote: aliyevunja aseme. Akivunja kikombe, akimwaga unga, aje kwa miguu yake aseme "ni mimi", na akisema haadhibiwi. Akificha, hapo ndipo tutajuana. Baba yake alikuwa mtu wa kuficha, na unajua alivyotuacha.

Nimemwachia kitenge changu cha kijani. Usikifue upesi, analala nacho kwa ajili ya harufu.

Wako,
Mama Boris
(Bado nalizoea hilo jina. Miaka saba niliitwa Mama Inès.)


Kakuma
22 Septemba 2024

Mama Boris,

Samaki wamefika wanne. Sikuuliza.

Mtoto wako ni mzima, anakula, anaomba kabla ya kula kuliko sisi wote, mpaka chakula kinapoa. Akuwam alipomsalimia "ejok" alimjibu "ejok-noi" kama amezaliwa hapa. Hayo ndiyo mazuri. Sasa sikiliza mengine.

Juzi yeye na Amou walichezea maji ya mtungi mpaka yakaisha, na bomba la mtaa wetu linafunguliwa asubuhi tu. Nilimshika Amou nikampa ndara mbili za matako. Boris alikuja mwenyewe akasema "ni mimi pia, Mama Amou," kama ulivyomfunza, akageuka akanipa mgongo achapwe. Sikumchapa. Nikamwambia akacheze. Unajua alifanya nini? Alikwenda akakaa nyuma ya choo, akakataa chakula. Nilipomfuata akaniuliza, "Kwani mimi siko wako?"

Amou naye ananiambia Boris ni mfalme wa hapa na yeye ni punda. Nimebaki katikati. Kwetu Wadinka mtoto wa jirani unamrudi tu, hata mama yake anakuja kushukuru. Lakini mtoto uliyeachiwa ni kitu kingine. Ni kama chombo cha kuazima, unakiosha huku roho iko juu. Nikimchapa nitasema nini akiumia? Nisipomchapa, nawafundisha hawa wawili kwamba mmoja ni wa nyumbani na mmoja mgeni.

Na kuna jingine. Anatoroka. Mara tatu sasa shule imetoka na yeye haji. Nimemkuta ng'ambo ya lagga, mjini. Utundu wa watoto, sijui anafuata nini huko. Wewe ndiye mama, niandikie mpaka wangu uko wapi. Niandikie, nishike karatasi mkononi.

Adhar, mama wa punda


Kanamkemer
6 Oktoba 2024

Mama Amou,

Niliposoma neno lagga nilimwaga mchuzi wa watoto sitini. Mwenye hosteli amenitukana siku nzima na sikumsikia. Mara tatu! Inès alivuka mara moja tu, Adhar, na mto ulikuwa mkavu alipoingia.

Fimbo hapana. Sijawahi kumchapa Boris na sitaki achapwe. Fimbo inafundisha kukimbia, na huyu tayari anakimbia. Lakini umetaka karatasi, basi hii hapa.

Mfunge. Chukua kitenge changu cha kijani, umfunge mguu wa kushoto kwenye mguu wa kitanda. Mpimie hatua tatu: afike kwenye maji, afike mlangoni, asipite. Usimfungulie akilia. Akijua kilio hakifungui fundo, ataacha kulia.

Usinione mkatili. Mama yangu kule kwetu Buyenzi alikuwa akienda sokoni ananifunga hivyo hivyo, nikacheza na vifuniko vya soda mpaka arudi. Haikuwa adhabu, ulikuwa mpaka. Nilijua dunia yangu inaishia wapi, na mama alijua atanikuta wapi. Sikufa. Wenzangu walioachwa huru, mmoja aligongwa na gari na mwingine hajulikani aliko mpaka leo.

Mwambie Boris ni mimi niliyesema, asikuchukie wewe. Na Amou mpe samaki mkubwa.

Spéciose


Kakuma
27 Oktoba 2024

Mama Boris,

Nilikaa na barua yako wiki nzima kwenye kopo la chai kabla sijaifanyia kazi. Kisha akavuka tena, na siku hiyo mawingu yalikuwa mlimani. Nikamfunga.

Nilijiandaa kwa vita. Hapakuwa na vita. Nilipomwambia mama yako ndiye amesema, na kitenge ni hiki chake, alitulia. Siku hizi analeta mwenyewe. Nikishika beseni kwenda kufua, yeye anakwenda kuchukua kitenge, anakaa chini, ananyoosha mguu. Amou ana wivu, ametaka naye afungwe. Nimecheka mpaka machozi, halafu nikaingia ndani na machozi yakaendelea bila kicheko.

Ametulia mno, Mama Boris. Siku ya kwanza alilia, nikafanya ulivyosema, sikufungua. Ya pili alilia kidogo. Sasa halii kabisa, hata nge alipompita karibu na mkono hakuita mtu, alinisubiri nirudi ndipo akanionyesha. Nikirudi namkuta mlangoni, kitenge kimenyooka nyuma yake, amegeuzia uso barabarani.

Lueth, yule mzee fundi baiskeli wa mlango wa pili, ameniambia hata mbuzi anafunguliwa jioni. Nikamjibu aangalie spoki zake. Lakini neno lake limenikaa.

Nimewaza nimwache sasa. Amejifunza, au amekuwa kitu kingine ambacho sijui jina lake. Sema neno moja tu nifungue.

Adhar


Kanamkemer
10 Novemba 2024

Mama Amou,

Usifungue. Nimeona chumba. Kina dirisha, kina mlango wa chuma, choo ni cha watu wanne tu. Mwenyewe amekubali nihamie tarehe ishirini Desemba. Zimebaki wiki sita, na wewe unataka kumlegezea sasa, wakati shule imefungwa na siku za mgao wa chakula unakaa foleni tangu alfajiri? Hapo ndipo atakapokwenda.

Kutulia si ugonjwa. Mtoto anayetulia ni mtoto aliyeelewa. Siku ya mgao nenda na Amou akusaidie kubeba, Boris abaki. Fundo lifunge mara mbili, na liwe upande wa kitanda, mbali na mkono wake, maana ana vidole vya fundi yule. Mzee Lueth mwambie akalee baiskeli.

Najua mzigo nimekutwika. Mungu atakulipa, na mimi nikishindwa kukulipa nitakupikia.

Spéciose


Lodwar, wodini
27 Novemba 2024

Kwa Adhar, kituo cha polisi, Kakuma

Dada,

Sijui kama Akuwam ataruhusiwa kukuona. Naandika kwa haraka, Boris amelala kwa dawa.

Wamemleta hapa siku ile ile ya moto, kwa gari la wagonjwa. Mkono wa kulia utapona. Mguu wa kushoto wameukata chini ya goti juzi asubuhi. Niliweka dole gumba kwenye karatasi yao ya ruhusa badala ya kuandika jina.

Jana amekuja afisa wa watoto, mama mpole, na daftari. Amesema una kesi ya kumfungia mtoto na kumdhuru. Akaniuliza kama nilijua Boris anafungwa. Akaniambia wazi, bila kunitisha, kwamba kama sikujua, mtoto akitoka hapa anakuja nami. Kama nilijua, au mimi ndiye niliyesema, atapelekwa kwa familia nyingine mpaka wakubwa waamue, na huenda wasiamue kunirudishia.

Nimemwambia sikujua.

Adhar, nimesema hivyo. Kinywa changu kimesema kabla yangu. Nina mtoto mmoja, nusu ya mtoto mmoja. Zile barua, popote ulipoziweka, nakuomba usizionyeshe. Sina haki ya kuomba na ninaomba.

S.


Kakuma
1 Desemba 2024

Spéciose,

Askari wa kike amenipa karatasi hii na amesimama juu yangu akingoja kalamu yake. Amou yuko kwa mzee Lueth na mkewe Nyibol. Ameuliza kama na mimi nimefungwa kwa kitenge.

Barua zako usiogope. Zilikuwa kwenye kopo la chai, na kopo limebaki kipande cheusi. Hakuna karatasi. Na hata kabla hujaniomba nilikuwa nimeshawaambia ni akili yangu mwenyewe. Waliniuliza mara mbili, nikajibu mara mbili. Kwa hiyo barua yako ya kuomba ilikuja imechelewa. Laiti usingeiandika. Ningebaki nakupenda bila kujua.

Acha nikuambie ilivyokuwa, maana wengine watakuambia vibaya. Nilichemsha uji alfajiri, nikafukia makaa kwa majivu, nikamfunga, nikaenda foleni na Amou. Upepo uliamka saa nne. Unaujua huo upepo, haubishi hodi. Ulifukua majivu, cheche zikapanda kwenye turubai la paa. Mzee Lueth anasema aliona moshi, hakusikia mtu. Jirani wote wanasema hivyo, hakuna aliyesikia mtoto. Boris hakulia. Tulimfundisha kwamba kilio hakifungui fundo, na mtoto wako hasahau somo.

Lueth alimkuta amelala kifudifudi kwenye kizingiti. Kichwa, mikono na kifua viko nje, mguu umebaki ndani. Ulisema afike mlangoni asipite. Nilipima vizuri, Spéciose. Nilipima kwa hatua zake mwenyewe. Lueth alikata kitenge kwa kisu cha tairi, na mikono ya yule mzee haijapona mpaka leo.

Sasa langu. Wewe umeficha neno moja juzi, mimi nimeficha tangu Septemba. Nilikuandikia sijui anafuata nini mjini. Nilijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa steji ya mabasi. Alikuwa amekaa kwenye jiwe mbele ya duka la simu, anatazama kila basi la Lodwar likishusha watu. Mwenye duka aliniambia anakuja, anahesabu akina mama wote, la mwisho likiondoka anarudi nyumbani. Hakuiba, hakucheza kamari na wakubwa, hakuwa mtundu. Alikuwa anakusubiri wewe.

Sikukuandikia kwa sababu ungeacha kazi siku hiyo hiyo ukaja, na tungekuwa wawili kwenye foleni ya mgao badala ya mmoja. Hiyo ndiyo sababu niliyojiambia. Ya pili ni kwamba iliniuma. Nilimpa chakula cha Amou, na bado kila jioni alikwenda kutafuta mwingine. Kama ningekuandikia neno hilo moja usingesema mfunge. Ungesema mwambie nakuja. Kwa hiyo waache wanihukumu, wana haki zaidi kuliko wanavyojua.

Chukua mtoto wako uende. Askari anataka kalamu.

Adhar


Lodwar
4 Desemba 2024

Kwa Afisa wa Watoto,

Mimi ni Spéciose, mama mzazi wa Boris aliye wodi ya watoto, kitanda cha karibu na dirisha. Tarehe ishirini na sita Novemba uliniuliza kama nilijua mwanangu anafungwa kwa kitenge. Nilisema sikujua. Nilikudanganya.

Jana ulikuja kuongea naye na ukaniomba nitoke. Mlango ule haufungi vizuri, nilisikia. Ulimuuliza nani alimfunga. Mwanangu akasema, "Ni mimi. Mimi ndio nilileta kitenge." Ukamuuliza tena taratibu, akasema, "Ni mimi. Mama Amou asichapwe. Nikisema siadhibiwi."

Hiyo ni sheria ya nyumba yangu, bibi. Niliitunga mimi. Aliyevunja aje aseme mwenyewe. Ana miaka sita, ana mguu mmoja, na ameitii mbele ya mgeni, wakati mimi niliyeitunga nimesimama nyuma ya mlango nikishukuru kwamba jina langu halikutajwa. Nilishukuru kweli. Nataka uandike na hilo.

Nilimwamuru Adhar kwa barua. Barua imeungua, lakini naijua kama ninavyoijua sala. Naiandika upya hapa kwa mwandiko ule ule, uiweke kwenye faili lako mahali pa ile iliyoungua:

"Mfunge. Chukua kitenge changu cha kijani, umfunge mguu wa kushoto kwenye mguu wa kitanda. Mpimie hatua tatu: afike kwenye maji, afike mlangoni, asipite. Usimfungulie akilia. Akijua kilio hakifungui fundo, ataacha kulia."

Baadaye Adhar alitaka kumfungua. Aliniomba neno moja tu. Nilimwandikia asifungue, na fundo alifunge mara mbili, upande ambao mkono wa mtoto haufiki. Hayo pia yalikuwa maneno yangu. Muulize, atakataa. Muulize tena mbele ya barua hii.

Najua maana ya kukuandikia haya, ulinieleza vizuri. Naomba jambo moja, kama linawezekana. Huko atakakopelekwa, akivunja kitu akaja kusema, wasimwadhibu.

Spéciose, mama wa Inès na Boris


Lodwar
9 Desemba 2024

Adhar,

Akuwam ameniambia umetoka kwa dhamana na umelala na Amou kifuani usiku kucha. Ameniambia pia hukutaka kumpokea samaki wangu. Sawa. Hawa wa leo mpe mzee Lueth. Mimi naripoti kituoni keshokutwa.

Sikukujibu habari ya steji. Siwezi bado. Nimepita steji ya hapa kwenda kwa mwenye chumba kumwambia ampe mtu mwingine, na nikakaa pale saa nzima nikitazama mabasi ya Kakuma yakishusha watoto wa watu.

Wamemchukua Boris leo saa tano. Amekwenda Kalobeyei, kwa mama mmoja wa Kikongo, mjane, wanasema ana moyo. Nilimvalisha mwenyewe. Suruali niliikunja upande mmoja nikaishona ili isiburutike. Alitaka kitenge. Nikamwambia kimeungua, akasema kile kipande alichokata mzee je, nikamwambia nacho kimepotea. Sikusema kweli. Ninacho, lakini sikuweza kukiona mkononi mwake tena.

Nikampigia magoti nikamwambia kwamba anakwenda kukaa mahali pengine, kwamba hakuna kosa alilofanya, kosa ni langu na nimelisema. Nikamwambia asinitafute, akae hapo hapo, mimi ndiye nitakayemfuata. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama ilivyo sheria. Nilipomaliza akanyoosha mguu mbele yangu, ule uliobaki, akaniuliza, "Huko hatua ni ngapi?"

Yule afisa alikuwa amesimama na gari linanguruma. Nilimwambia hakuna hatua, baba, huko unatembea unapotaka. Akanitazama na hakuniamini.

Spéciose